Mama aliniwekea nadhiri kabla sijazaliwa, mke wangu hataki kola

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Makambako, mkoa wa Njombe. Nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi. Sisi ni Walutheri, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mzee wa kanisa. Jumapili baada ya ibada mimi ndiye ninayenadi sadaka za mazao pale nje: kuku, ndizi, mayai. Watu wanacheka, kuku wa elfu kumi na tano anafika elfu arobaini. Ndipo walipoanza kusema, "Huyu mchungaji tayari, bado kola tu."

Jambo langu lilianza kabla sijazaliwa. Mama yangu alizika watoto watatu mfululizo, hakuna aliyefikisha miezi sita. Mwaka 1981, baada ya ibada ya mavuno, watu wote walipokwisha kuondoka, alipiga magoti peke yake akasema: "Bwana, ukinipa mtoto akaishi, nitakupa akutumikie." Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Nina wadogo zangu wawili, wote wazima. Baada yangu mama hakuzika tena.

Nadhiri hiyo sikufichwa, nimekua nayo. Nikifaulu ni kwa sababu ya nadhiri, nikikwama ni kwa sababu siitimizi. Kila sikukuu ya mavuno mama hujitwisha debe la mahindi hadi mbele ya madhabahu, na akirudi kukaa ananinong'oneza: "Hiyo ni riba tu. Deni lenyewe limekaa hapa, linasaga unga." Tulikuwa tunacheka. Mwaka 2019 mkanda wa mashine ulinishika mkono wa kushoto ukaondoka na kidole kimoja. Mama alikuja hospitali, akautazama mkono uliofungwa bandeji, akasema taratibu, "Mwanangu, Mungu ameanza kudai." Tangu siku ile utani wa riba umekwisha.

Sasa mama ana miaka 74, kisukari kimemdhoofisha, anaona vivuli tu. Mwezi uliopita baraza la wazee lilikaa, nikaombwa nitoke nje kidogo. Niliporudi, mchungaji akaniambia wamelipitisha jina langu niende chuo cha theolojia, miaka mitatu, masomo yanaanza Oktoba. Usharika utachangia nusu ya ada. Wanataka jibu mwisho wa mwezi ujao. Nilipitia kwa mama kumweleza. Alilia, akaniomba nimpeleke kanisani siku ya Jumatano, wakati hakuna mtu.

Mke wangu hakulia. Yeye ni muuguzi wa serikali, tuna miaka 16 ya ndoa. Nilimkuta anakunja nguo za watoto, nikamwambia, akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Mimi niliolewa na mwenye mashine. Siku ile pale mbele hatukuapa habari ya uchungaji." Nikamjibu kwamba wito ni wa Mungu. Akasema, "Basi Mungu angeniambia na mimi, maana tunalala kitanda kimoja." Tangu hapo tunazungumza habari za ada na mboga tu. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha tatu, anaona kila kitu.

Niseme yote usinione mnafiki. Biashara si kama zamani, kuna jirani amefungua mashine mpya na wateja wengi wamehamia kwake, lakini hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba sijui kama nimeitwa. Nikisimama kusoma somo Jumapili najisikia nimefika nyumbani. Usiku nikishtuka nauona ule mkanda. Nikikataa, mama atakufa akijua alimkopa Mungu na hakulipa. Nikikubali, nitakuwa nimebomoa nyumba yangu kwenda kujenga ya Mungu. Je, nadhiri ya mama inanifunga? Na kati ya agano la ndoa na wito, kipi kinatangulia?

Msaga Unga, Makambako

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na mkono, pole na kuuguza, pole na huo ukimya wa nyumbani. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu, nikipiga mstari chini ya maneno ya kila aliyesema ndani yake. Mama amesema. Wazee wamesema. Mkeo amesema, tena amesema vizuri. Hata mkanda wa mashine umesema. Wewe mwenyewe una sentensi moja tu, ile ya kusimama kusoma somo ukajisikia umefika nyumbani. Nitairudia.

Ninavyokuelewa, umebeba mizigo mitatu kwenye gunia moja. Kuna nadhiri, ambayo aliiweka mtu mwingine. Kuna wito, ambao kama upo ni wako peke yako. Na kuna nafasi ya chuo, ambayo ni ya usharika, na usharika unaweza kumpa mwingine. Yote matatu yana jina la Mungu juu yake na yamekufikia mwezi mmoja, kwa hiyo yanaonekana kama kitu kimoja. Tuyatoe moja moja.

Mama yako nadhani ameishi na Hana wa 1 Samweli, yule tasa aliyeahidi kwamba akipewa mtoto wa kiume atamtoa kwa Bwana, akampata Samweli. Wanawake waliozika watoto humjua Hana kuliko wachungaji wanavyomjua. Lakini tumsome mpaka mwisho. Hana hakumpeleka mtoto Shilo, kwenye nyumba ya Bwana, kwa siri: Elkana mumewe alijua, akamwambia afanye aonavyo vema. Jambo hilo si dogo, kwa sababu Hesabu 30 inampa mume nafasi ya kuitangua nadhiri ya mkewe siku anapoisikia. (Sheria hiyo naweza kubishana nayo mchana kutwa. Lakini inaonyesha kwamba ahadi yenye kugusa nyumba ilipaswa kusikika ndani ya nyumba.) Baba yako alijua? Barua nzima hukumtaja hata mara moja.

Kisha njoo sura ya 3. Samweli ni mtoto wa nadhiri, analala ndani ya hekalu lenye sanduku la agano, amevikwa naivera ya kitani, vazi la makuhani, tangu utotoni. Hata hivyo ilibidi aitwe. Na alipoitwa hakutambua, mara tatu akakimbilia kwa kuhani Eli akidhani ni mzee anamtaka. Nadhiri ya mama ilimfikisha mahali ambapo sauti ingemkuta. Kuisikia ilikuwa kazi yake mwenyewe, usiku, bila Hana.

Kuna sura nyingine ambayo katika maisha yangu yote ya ibada sijaisikia ikihubiriwa, Walawi 27. Inaanza na watu waliowekwa nadhiri kwa Bwana, na mara moja inataja fidia yao: mwanamume wa miaka 20 hadi 60, shekeli 50 za fedha, mwanamke, 30, mtoto wa kiume wa mwezi mmoja hadi miaka 5, shekeli 5. Akiwa maskini asiyeweza, kuhani amhesabie kadiri ya uwezo wa yule aliyeweka nadhiri. Nakuomba uyasome hayo maneno ya mwisho polepole. Mfuko unaotazamwa ni wa aliyeahidi.

Sikwambii upeleke fedha mahali. Na akitokea mtumishi wa kukuuzia maombi ya kukomboa nadhiri, pamoja na chupa ya mafuta, mpishe njia. Ninachokiona mimi ni kwamba Torati, pamoja na ukali wake, ilijua mtu aliyeumia anaweza kumwahidi Mungu mtu mwingine, na ikaacha mlango. Upande wa pili yuko Yeftha, Waamuzi 11, aliyeahidi kumtolea Bwana chochote kitakachotoka nyumbani kwake kumlaki, akatoka binti yake. Yeye hakuutafuta mlango. Alinena yeye, akalipa binti yake. Unaponiambia mkeo anaendelea kukunja nguo, namkumbuka yule binti.

Na kwa kuwa ninyi ni Walutheri, wacha nikukumbushe mwanzo wenu wenyewe. Julai 2, 1505, kijana wa miaka 21 anayesomea sheria alikuwa akirudi Erfurt, mji wa Ujerumani alikosoma. Karibu na kijiji cha Stotternheim radi ikapiga jirani naye. Kwa hofu akamwita mtakatifu Anna na kuahidi kwamba atakuwa mtawa. Wiki mbili baadaye Martin Luther alikuwa ndani ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agustino. Baba yake, Hans, mtu wa machimbo ya shaba aliyekuwa amelipia ile sheria, alikasirika sana, na siku ya misa ya kwanza ya mwanawe mwaka 1507 alimuuliza mbele ya wageni kama hajapata kusikia kwamba wazazi huheshimiwa. Kwake mambo yalikuwa kinyume na kwako: mwana aliapa, mzazi akagoma.

Miaka 16 ilipita. Novemba 1521, akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, Luther aliandika juu ya nadhiri za watawa, na mwanzoni akaweka barua kwa baba yake. Humo alikiri kwamba hakuapa kwa hiari wala kwa shauku. Alizungukwa na hofu ya kifo cha ghafla, na ile nadhiri ikamtoka kwa kulazimika. Alifikia kusema kwamba haikuwa na thamani. Mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, naye aliyekuwa mtawa.

Ungedhani habari inaishia hapo, na ningekwambia nadhiri ya hofu haina kitu, nenda kasage unga wako. Lakini kuna kinachonikwamisha: Luther hakuacha kuhubiri. Ahadi iliyotoka kwenye radi aliitupa, na kazi ya Neno aliyoikuta humo ndani akaishika hadi kufa mwaka 1546. Kwa hiyo simtumii kukutoa wala kukuingiza. Hofu inaweza kumfikisha mtu kwenye mlango wa kweli, na inaweza kumfikisha kwenye mlango wa jirani. Ukiwa bado unatetemeka huwezi kuona umesimama wapi.

Ndiyo maana kile kidole kinanihusu. Mama alisema vile pale hospitali kwa sababu aliogopa. Aliyezika watatu, akisikia wa nne yuko wodini, hutafuta sababu kabla daktari hajafika. Mimi nina swali la fundi: mkanda ulikuwa na kifuniko? Nimesubiri unga kwenye mashine nyingi, na mara nyingi mkanda unazunguka wazi, watu wanapita na khanga zao. Sisemi Mungu hadai. Nasema usiku ukishtuka, kabla hujaamua ile ni sauti ya nani, jaribu kuuwazia mkanda kama mkanda.

Umeuliza agano la ndoa na wito, kipi kinatangulia. Umeyapanga foleni kama madebe pale kwako. Fungua Malaki 2. Sura inaanza kwa kuwakemea makuhani, inakumbusha agano la Mungu na Lawi, yaani watumishi wa madhabahu. Ukishuka hadi mstari wa 14 unakuta agano lingine: nabii anasema Bwana ni shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake, na anamwita huyo mke "mke wa agano lako". Wale waume walikuwa wakifunika madhabahu kwa machozi, wakishangaa kwa nini sadaka haipokelewi. Sura moja, maagano mawili, na la pili limeletwa kueleza kwa nini ibada imekwama. Mimi hapo sioni foleni.

Lakini sikwambii mkeo ana kura ya turufu, wala sidhani yeye mwenyewe anaitaka. Hatujui anakataa nini hasa. Nikuonyeshe ninachokijua mimi. Nimekulia nyumba ya usharika, milimani Usambara. Mama yangu alificha sukari kwenye kopo chini ya kitanda, kwa sababu wageni waliingia tangu alfajiri na kila mmoja ilibidi anywe chai, na baba alisema "karibu chai" kabla hajauliza kama iko. Tulihama mara nne kabla sijamaliza darasa la saba. Mara ya tatu mama aliacha mahindi yamemfika kiunoni shambani. Alisimama pale ukingoni na mtoto mgongoni, akayatazama, akapanda gari. Watu walimwita mama mchungaji, na sidhani kama nusu yao walilijua jina lake. Baba alikuwa ameitwa kweli, simtilii shaka. Ila mama naye alikuwa na vitu vya kusema, na alinisimulia mimi baada ya baba kufa.

Mkeo ana ajira yake na wagonjwa wanaomjua. Uhamisho wa kumfuata mwenza upo serikalini, lakini kuomba ni kitu kimoja na kupewa ni kingine. Binti yupo kidato cha tatu. Mwakani ana mtihani. Huenda anaogopa kuhamahama. Huenda anaogopa mshahara wa usharika. Huenda ameona jinsi wake wa wachungaji wanavyotazamwa mavazi. Au huenda ameumizwa na jambo dogo zaidi: kwa mpangilio wa barua yako, habari hii ilipita kwa baraza, ikapita kwa mama, ndipo ikafika chumbani. Kisha ukamwambia wito ni wa Mungu. Ni kweli, lakini ukisema hivyo nani atabishana nawe? Yeye alijibu kwamba Mungu angemwambia na yeye. Wewe umesikia ukaidi. Mimi nasikia mtu anayeomba ashirikishwe.

Sasa ule mstari ulioupitisha mbiombio. Biashara imeshuka, "lakini hilo si tatizo". Labda si tatizo. Musa aliitwa akiwa na kundi la mkwewe, Amosi akiwa na mikuyu yake, Petro akiwa na nyavu. Hakuna aliyekuwa anatafuta pa kutokea. Lakini pia simjui mtu ambaye Mungu alikataa kumtumia kwa sababu duka lilikuwa limelala. Swali hili ujiulize mwenyewe, mimi usinijibu: foleni ya madebe ingekuwa inafika barabarani kama zamani, ungeenda Oktoba?

Njia zilizo mbele yako naziona hivi. Unaweza kwenda. Utasoma, mama atafurahi, na huenda ile hali ya kufika nyumbani ikawa ya kila siku. Hatari yake ni kwamba utakuwa mchungaji wa watu wenye ndoa zilizonyamaza huku yako imenyamaza, na 1 Timotheo 3:5, inayouliza asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu, itakusoma wewe kabla hujaisoma. Unaweza kukataa waziwazi. Utalala na mkeo kwa amani, lakini mama akifariki mwaka huo, yale maneno yake ya hospitali yatakurudia, na usipokuwa mwangalifu utamdai mkeo kwa kila Jumapili utakayoona mwingine amevaa kola. Hiyo ni riba ya aina nyingine.

Unaweza pia kuwaomba wazee mwaka mmoja, hadi binti amalize kidato cha nne. Baraza lililokuamini kiasi cha kutafuta nusu ya ada linaweza kulisikia ombi hilo, au nafasi ikaenda kwa mwingine. Mhubiri 5 inaonya juu ya kukawia kuitimiza nadhiri, na nakujua kidogo: mwaka mmoja kwako unaweza kuzaa wa pili. Na iko ya kubaki na mashine huku ukisoma theolojia kwa masafa, ukihubiri kama mzee wa kanisa. Paulo alishona mahema Korintho, Matendo 18. Luther huyohuyo aliandika mwaka 1520 kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima wana kila mmoja kazi yake, na wote ni makuhani. Hatari ya njia hii ni kwamba inampa kila mtu kidogo, na watu kama wewe, wanaopenda kuwaridhisha wote, huikimbilia kabla ya kuipima.

Ile sentensi yako sasa. Ukisimama kusoma somo unajisikia umefika nyumbani. Ni kusoma Neno, au ni kusikilizwa? Wakati wa kunadi kuku unajisikia hivyo hivyo? Siulizi kwa ubaya. Mwenye kipaji cha kusimama mbele za watu analijua joto lake. Lakini uchungaji mwingi hufanyika mahali ambapo hakuna anayekutazama: kwa mgonjwa asiyekutambua, kwenye kikao cha madeni ya bati, kwa mjane anayesimulia jambo lile lile mara ya kumi. Muulize mchungaji wako akuchukue siku mbili tatu kwenye hizo safari. Na kama mkeo ana zamu ya mapumziko, mwombe aje, akae na mama mchungaji jikoni waongee wenyewe, wewe ukiwa mbali.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa mama yako. Jumatano ile kanisani, kama hamjaenda bado. Mwombe akusimulie siku ile ya 1981 bila haraka: alikuwa amevaa nini, alipiga magoti upande gani, baba alikuwa wapi, alisema maneno gani hasa. Kwenye barua umeyaandika hivi: "nitakupa akutumikie". Akutumikie. Sikuona kola humo, wala chuo. Huenda mama aliiongeza baadaye, huenda aliyeiongeza ni wewe, huenda aliisema na ukasahau kuiandika. Yeye peke yake ndiye anayekumbuka, na macho yanamwishia.

Uniandikie baada ya hapo, hata kwa mistari miwili. Na kile kifuniko cha mkanda, kama bado hakipo, kifungwe wiki hii, uende chuo usiende.